Kilwa au Mafia kwa wikiendi ndefu?

Mvuvi wa Nchi Kavu: Wakuu habari zenu. Nataka kutoka Dar na familia tukaone magofu na visiwa. Nimebaki na mawili: Kilwa Masoko, tuvuke Kisiwani na Songo Mnara, au Mafia, tulale Utende tuvuke Chole na Juani. Mfuko hauruhusu kote kuwili. Mnanishaurije?

Kaskazi: Familia ya watu wangapi? Watoto wana umri gani? Mwezi gani? Gari unalo? Bila hayo tutakubahatishia tu.

BintiKibiti: Mafia, tena usijiulize! Oktoba hadi Machi papa potwe wapo Kilindoni. Na magofu yapo, Kua kule Juani, miti imepanda hadi juu ya kuta na mnatembea peke yenu. Boti ya Mafia mnapandia Nyamisati, huku bara.

Mzee Nangurukuru: Binti, mwenzio anataka mji wa kale. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifu. Panda Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, ulione lile bwawa la pembe nane, bahari iko chini yako. Kisha Msikiti Mkuu, simama katikati ya zile nguzo utazame kuba. Kua ni pazuri, lakini si Kilwa. Kibali mnachukua Masoko kabla ya kuvuka.

Mama Wawili: Kilwa naipenda, ila Songo Mnara na watoto angalieni maji. Nahodha alituambia tunaondoka saa mbili asubuhi. Tumekaa gatini hadi saa tano, mara mafuta, mara anamsubiri kijana wake. Tunafika, maji yameshakupwa, tena ni bamvua, maji yanakupwa mbali sana, boti ikakwama mbali. Tukashuka kwenye tope la mikoko, linafika magotini, ndala zimebaki humo humo. Mama mkwe kabebwa na vijana. Magofu tumeyapitia mbio mbio, halafu tukasubiri maji yajae hadi alasiri, watoto wana njaa. Kurudi, upepo wa kusi umechachamaa, maji yanaingia botini na maboya hayatoshi. Nililia. Msimpe nahodha hata shilingi kabla hajawaambia maji yanajaa saa ngapi na hamjayahesabu maboya.

Kaskazi: Pole sana dada. Ndiyo maana nasema nendeni siku za maji mafu, yasipojaa wala kukupwa sana, si mwezi mpya wala mpevu.

Mtalii wa Ndani: Kisiwani pekee panatosha, ni karibu. Msikose Gereza la Wareno.

Mzee Nangurukuru: Wareno walijenga ngome 1505, wakaondoka 1512. Hilo mnaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani.

Mtalii wa Ndani: Mzee, lakini msingi ni wa Wareno.

Mzee Nangurukuru: Msingi sawa. Kuta nakataa.

Mvuvi wa Nchi Kavu: Ahsanteni. Watoto wawili, mdogo ana miaka minne. Mwezi wa nane. Gari lipo, dogo.

Kaskazi: Mwezi wa nane ni kusi. Papa potwe wasahau.

BintiKibiti: Chole bado ipo! Kutoka Utende ni kuvuka kidogo tu.

Mama Wawili: Na mtoto wa miaka minne Nyamisati hadi Kilindoni, kusi linavuma? Mimi hapana.

Mtalii wa Ndani: Kilwa basi, na mpitie Kivinje mkaone majumba ya enzi za Wajerumani.

Mvuvi wa Nchi Kavu: Pale Somanga, barabara ya Kilwa ilipokatika 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, gari dogo linapita vizuri sasa?