Naomba ushauri: kufundisha kuelea na kuzama kwa vitendo

Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha fizikia kidato cha nne hapa Lamu. Wanafunzi wanaikariri barabara kanuni ya Archimedes (kitu kilicho majini husukumwa juu kwa kani sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma kando), lakini ukiwauliza kwa nini jahazi lile lile huelea juu zaidi baharini kuliko kwenye maji ya mto, kimya. Na wengine ni watoto wa manahodha! Inaniuma.

Nataka watengeneze haidromita, yaani kifaa cha kupima densiti ya kimiminika, kwa mrija wa soda uliozibwa chini kwa udongo, walinganishe maji ya kisima na ya bahari. Tatizo, densiti ya bahari ni kama gramu 1.025 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya maji baridi ni kama 1, kwa hiyo mrija uliozama sentimita 10 kwenye maji ya kisima hupanda milimita 2.5 tu ukiuweka kwenye maji ya bahari. Kusoma alama hapo ni taabu. Nafikiria chupa ndogo ya dawa chini, mrija mwembamba juu, ili mrija upande zaidi. Aliyejaribu, uliziba vipi isivuje?

Pia ningependa kuwapeleka kwa mafundi wa majahazi Matondoni. Niwape kazi gani ya kupima huko, wasiishie kutazama tu?