Kuwatembeza watoto: Kijiji cha Makumbusho, Kilwa Kisiwani au Mikindani?

Mama Zuhura
Assalaam aleikum wanajukwaa. Mume wangu anaanza likizo hivi karibuni, nasi tunataka kuwapeleka watoto mahali pa kujifunza ambapo wataruhusiwa kushika vitu kwa mikono yao badala ya kutazama tu. Tunapima kati ya Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, magofu ya Kilwa Kisiwani, au kubaki huku huku Mtwara na kuzunguka Mikindani. Tiketi tunatakiwa kukata wiki hii.

Mkazi wa Shangani
Waaleikum salaam, Mama Zuhura. Hujatueleza watoto ni wangapi, wana umri gani, wala kama mna usafiri wenu. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na mtoto mdogo aliyeshinda kwenye basi kutwa nzima hana hamu ya kushika chochote kesho yake.

Msomi wa Ligula
Makumbusho ya watoto kwa maana kamili ni kama yale ya Brooklyn, New York, yaliyoanzishwa mwaka 1899, ambako kushika vitu ndiyo kazi yenyewe. Kwetu kinachokaribia hapo ni Kijiji cha Makumbusho, kwa sababu mtoto anaingia ndani ya nyumba za asili za makabila mbalimbali, na akibahatika anakuta ngoma inapigwa. Makumbusho ya Taifa kule Posta yasubiri wakue. Habari za Zinjanthropus, fuvu la kale la Olduvai, hazimtulizi mtoto mwenye usingizi.

Baba Rajabu
Kuhusu Kilwa Kisiwani, nawasihi mfikiri mara mbili. Nilipowapeleka wanangu, tulichelewa kupata kibali kule Kilwa Masoko, na tulipovuka jua lilikuwa la utosi na maji yamekupwa, hivyo mashua haikuweza kusogea ufukweni. Tukashuka na kukanyaga tope, mdogo begani kwangu, mwenzake akilia kwa kuwa kiatu kimoja kimezama. Mtembezaji wetu alikuwa na elimu yake, akatusimulia habari za msafiri Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 na birika la pembe nane la jumba la kale la Husuni Kubwa, lakini kila mtoto alipouegemea ukuta alikemewa. Haki ilikuwa yake, maana hapo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, ila wanangu hadi leo wanakumbuka tope tu.

Mwana wa Lindi
Haya yote yasingetokea kama mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria, angekuwa kwetu Lindi. Wajerumani waliichimba mifupa ile kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandarini, na leo watoto wa Berlin ndio wanaosimama chini ya kiunzi chenye kimo cha zaidi ya mita 13.

Msomi wa Ligula
Ndugu yangu, hata ikirudi, nani atamkabidhi mtoto mfupa wa miaka milioni 150?

Mwana wa Lindi
Si lazima ashike ule wenyewe. Nakala ya plasta inatosha, na mwalimu wa Lindi asingehangaika na picha za vitabuni.

Mama Zuhura
Niwieni radhi. Watoto ni watatu: wa kwanza ana miaka saba, wa pili minne, na wa mwisho ndiyo kwanza anaanza kutembea. Gari hatuna.

Mkazi wa Shangani
Basi nendeni Mikindani. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 mtalitazama kwa muda mfupi, kisha siku iliyobaki mpelekeni kwa mchongaji wa Kimakonde. Ninayemfahamu mimi humpa mtoto kipande cha mpingo na msasa. Mtoto anasugua sehemu ya nje iliyopauka, na mzee anapochapa tezo kidogo, weusi unajitokeza ndani. Mjukuu wangu aligoma kuondoka.

Baba Rajabu
Na maji yakipwa hapo Mikindani, kaa wa kwenye mikoko hawana kiingilio.

Mama Zuhura
Mume wangu bado ameing'ang'ania Kilwa. Huyo mchongaji hupatikana siku gani?

Mkazi wa Shangani
Siku zote, isipokuwa Ijumaa mchana. Mjulishe mapema kuhusu huyo anayeanza kutembea, kwa sababu patasi zake zote huwa zimelala chini.