Mama ana kisukari, retina inavuja: achomwe sindano ya jicho au tusubiri?

Mkazi_Nzuguni: Habari za jioni wadau. Mama yangu yuko Kongwa, miaka 58, ana kisukari aina ya pili mwaka wa 9 huu. Kipimo cha sukari ya miezi 3 kimesoma 9.8%, presha 158/94. Daktari wa macho amesema retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inavuja na katikati pamevimba, anashauri sindano ndani ya jicho. Mama anasema haumwi na taarifa ya habari anaitazama vizuri. Majirani wanasema ni vikope (trakoma), aweke dawa ya macho. Tufanyeje?

Mboni_Kliniki: Pole kwa kumuuguza mama. Kutoumwa ndiko kunakowaponza wengi. Vikope hukwaruza jicho kwa mbele, ndiyo maana huchoma na kutoa machozi. Kisukari hushambulia retina, nyuma kabisa, na retina haina hisia ya maumivu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa midogo hulegea, hufanya vijifuko, kisha huvuja maji na mafuta. Yakituama kwenye makula, sehemu ya kusomea na kutambua sura za watu, uoni wa katikati huharibika. Dawa ya vikope haifiki huko. Msisubiri: seli zikishakufa hazirudi.

Uwele_na_Mlenda: Naongezea kuhusu sindano, maana jina lake linatisha. Jicho hutiwa ganzi ya matone, husafishwa kwa ayodini, kisha sindano nyembamba hupita kwenye weupe, si kwenye mboni. Ni sekunde chache. Dawa inayotumika sana ni bevacizumab, ya kupunguza uvujaji, kwa kawaida mara moja kwa mwezi miezi ya mwanzo, halafu nafasi hupanuliwa kulingana na uvimbe. Kinachoharibu ni mgonjwa kupata nafuu baada ya sindano ya kwanza na kutoweka. Dawa huisha nguvu baada ya wiki chache, uvujaji unarudi. Kama aliwahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, daktari aambiwe kabla.

Doa jekundu kwenye weupe baada ya sindano huisha lenyewe. Lakini maumivu yanayoongezeka, wekundu na uoni kushuka siku zinazofuata ni dalili za maambukizi ndani ya jicho: arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mkazi_Nzuguni: Asanteni sana. Na miwani aliyoandikiwa? Leza je?

Mboni_Kliniki: Miwani isubiri. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika, namba ya leo haitamfaa mwezi ujao. Leza ni hasa kwa mishipa mipya inayoota ovyo. Hulinda uoni uliobaki, ingawa inaweza kupunguza kuona usiku.

Sukari ishushwe na daktari, tena kwa mpango. Ikiporomoshwa haraka kutoka 9.8%, retina inaweza kuzidi kwa muda, hivyo macho yakaguliwe kwa karibu. Presha iwe chini ya 140/90, ikiwezekana 130/80. Mkojo upimwe protini, kwani mishipa midogo ya figo huumia vilevile. Na ugali wa uwele au mtama usijazwe sahani kwa kudhani hauna sukari. Wanga ni ule ule.

Uwele_na_Mlenda: Siku ya kupanuliwa mboni kwa matone ili retina ikaguliwe, aje na mtu na kofia pana; ataona ukungu kwa saa kadhaa. Ulizeni hospitali ya Benjamin Mkapa au ya Mvumi, huko Dodoma, siku za kliniki ya macho kabla ya nauli. Akiona ghafla vinyuzi vyeusi vingi vinaelea, mwanga unamulika, au kivuli kama pazia, asingoje tarehe aliyopangiwa.