Mrejesho: Yule mtoto wa paka aliyejificha chini ya kitanda

Wakuu, niliuliza hapa nifanyeje na mtoto wa paka niliyemchukua, maana alikuwa hatoki chini ya kitanda wala hagusi chakula mpaka taa zizimwe. Asanteni sana mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni kumtengea chumba kimoja kidogo chenye boksi la kujifichia, maji, chakula, na mchanga wake wa kujisaidia kona ya mbali, kisha kuacha kumfuatafuata. Nilikuwa nakaa sakafuni nasoma kwa sauti ya chini bila kumkodolea macho. Ule ushauri wa kufumba na kufumbua macho polepole niliuona kama utani, kumbe siku moja naye akanijibu vilevile! Baadaye akaja kunusa kidole, akasugua shavu. Sasa namkuna kidevuni. Ukipeleka mkono juu ya kichwa bado anaruka pembeni.

Kumbeba kumeshindikana. Nikimwinua tu anakakamaa, kucha nje. Wageni wakibisha hodi, mbio kwenye boksi mpaka waondoke. Fulana niliyoivaa, mliyosema nimwekee azoee harufu yangu, hakuilalia hata kidogo. Ila kamba yenye unyoya mwishoni inamtoa mafichoni haraka kuliko chakula.