MJADALA: Filamu zilimla Kris Kristofferson, au zilimlisha?

Wakuu, salaam. Juzi kwenye kundi letu la wapenda muziki wa kantri jamaa mmoja alirusha kauli ambayo imenikaa kooni mpaka leo. Kwa ufupi, anasema Kris Kristofferson alikuwa mtunzi wa kuzaliwa mara moja kwa karne, Hollywood ikampora, akamaliza miaka yake anatembeza ndevu mbele ya kamera huku kalamu inashika kutu. Waliomuunga mkono ni wengi. Mimi nakataa, na nimeileta mada hapa tubishane kwa nafasi.

Kwa watakaouliza "huyo nani tena": ni yule mzee Whistler wa kwenye filamu za Blade. Mliokulia vibanda umiza mnamkumbuka, mvi ndefu, mguu umefungwa vyuma, anachechemea huku anamtengenezea Wesley Snipes silaha za kuulia wanyonya damu. Sehemu ya kwanza, 1998, tukajua kajimaliza. Ya pili, 2002, huyu hapa karudi, na banda zima likalipuka. Wakati huo sikujua kwamba mzee yule ndiye aliyetunga "Help Me Make It Through the Night", wimbo uliokuwa kwenye kaseti ya baba. Nilikuja kujua nimeshakuwa mtu mzima, kaseti yenyewe ilishaliwa na redio.

Mtu huyu alizaliwa 1936 Brownsville, Texas, mpakani kabisa na Mexico, baba yake jenerali wa jeshi la anga. Akasoma fasihi Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akaingia jeshini, akawa rubani wa helikopta mwenye cheo cha kapteni. Mwaka 1965 nafasi ya kufundisha fasihi katika chuo cha kijeshi cha West Point ilikuwa inamsubiri. Akaiacha, akahamia Nashville, kitovu cha kantri, kutafuta muziki, na kazi aliyoipata ni kufagia studio za Columbia na kumwaga majivu ya sigara za wenzake. Bob Dylan alipokuja kurekodi pale 1966, bwana huyu alikuwepo. Ameshika fagio. Kwao walimsusa, na mimi kama mzazi nisingewalaumu sana.

Sasa wapinzani wangu niwape haki yao, maana hoja yao ina uzito. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1970. Ndani yake kuna "Me and Bobby McGee", "Sunday Mornin' Comin' Down", "For the Good Times" na ule wa kaseti ya baba. Albamu moja, nyimbo nne za namna hiyo! Kuna watunzi wanaingia kaburini bila kupata hata mmoja. Na zote aliziandika kabla hajawa stelingi popote, kwa sababu Cisco Pike, filamu yake ya kwanza kwa nafasi hiyo, ni ya 1972. Ukipiga hesabu haraka haraka unaona kamera ilipoingia kwa mlango huu, kalamu ikatokea ule.

Hesabu hiyo ina tundu. "Why Me" ni ya 1973. Aliitunga baada ya kwenda ibadani Nashville, na ndiyo pekee iliyomfikisha namba moja kwenye chati za kantri akiimba peke yake. Mwaka huohuo alionekana kama jambazi Billy the Kid kwenye filamu ya mwongozaji Sam Peckinpah. Kalamu ilikufa lini basi?

Halafu tuseme ukweli kuhusu sauti. Mwenyewe alikuwa akijitania kwamba anaimba kama chura. Nyimbo zake zilipaa kwa koo za watu wengine: Johnny Cash, Ray Price, Sammi Smith, na Janis Joplin ambaye "Bobby McGee" yake ilifika namba moja 1971 mwimbaji akiwa ameshafariki. Kwa sauti ile, angeishi kama mtunzi wa nyuma ya pazia tu. Ni sura iliyomtoa mbele ya watu, na sura ilihitaji skrini.

Kilichomtenga na redio ni kingine kabisa. Miaka ya 80 alianza kuimba waziwazi kupinga vita vya serikali yake Nicaragua na El Salvador, na wasikilizaji wa kantri wengi hawakutaka kuyasikia hayo. Redio zikampa kisogo. Hilo nalo tuibebeshe Hollywood?

Filamu zilimdhuru mara moja, nakubali. Heaven's Gate ya 1980 ilikula dola kama milioni 44 na haikuingiza hata milioni 4. Mwaka uliofuata kampuni iliyoitengeneza, United Artists, ikauzwa kwa MGM. Yeye alikuwa stelingi. Lakini aliyezama pale ni mwigizaji. Mtunzi alikuwa hai, na 1985 akaungana na Cash, Willie Nelson na Waylon Jennings wakawa kundi la The Highwaymen. Mwaka uliofuata wanne wote wakacheza filamu moja ya televisheni, Stagecoach, ambayo hata mimi siwezi kuitetea.

NIMERUDI. Kuna mchangiaji hapo chini anasema waimbaji wanawapokonya nafasi waigizaji waliosomea, kama tunavyoona kwenye Bongo Movie, kwamba mtu akiwa na kibao kimoja tayari ni stelingi. Mkuu, kwa hapa kwetu nakupa nusu. Kwa Kristofferson, naomba uitafute Lone Star ya John Sayles, 1996. Anacheza Charlie Wade, sherifu mla rushwa wa mji wa mpakani, mpaka uleule wa Texas na Mexico aliozaliwa. Tazama anavyomsimamisha mtu barabarani. Hafoki. Anaongea naye taratibu kama jirani anayeuliza habari za mvua, ana tabasamu lile la pembeni, halafu anampiga risasi. Aliyesomea angemfanya Wade atishe kwa kelele. Huyu anatisha kwa sababu anaonekana ni mtu unayeweza kunywa naye chai.

Mwingine ameleta ya pombe, kwamba maisha ya mastaa ndiyo yalimlewesha. Kinyume chake! Alikuwa mlevi tangu Nashville. Alieleza kwamba kuacha kwake kulianzia A Star Is Born, 1976, ile aliyocheza na Barbra Streisand akapata tuzo ya Golden Globe. Alijiona kwenye skrini ni maiti, mwanamuziki aliyeuawa na ulevi, mjane anamlilia. Akastuka. Amefariki Septemba 2024 ana miaka 88, watoto wanane.

Kwa hiyo anayetaka kunipinga asiniletee tena ile albamu ya 1970, nimeshaikubali. Aniambie wimbo upi tuliukosa kwa sababu ya filamu ipi. Tena Convoy msinitajie, ile alifuata hela.