Mrejesho: mgahawa uliotaka nicheze bila malipo

Wapendwa, niliwauliza kama nikubali kucheza densi ya tumbo kila Ijumaa kwenye mgahawa mmoja hapa Berlin kwa kutegemea kutunzwa na wateja tu, huku nikianza kufundisha. Dada mmoja akanijibu kwamba nikicheza bure nawaharibia soko wenzangu.

Nilimsikiliza. Nikampelekea mwenye mgahawa masharti kwa maandishi: bei, muda wa onyesho, malipo ya awali, chumba cha kubadilishia nguo (choo cha wateja si chumba!) na sakafu kavu. Akanuna, mazungumzo yakaishia hapo. Ila watu wa harusi wanayakubali masharti yaleyale bila ubishi.

Darasani ndiko kwenye kazi. Wanafunzi wanataka kutikisa kiuno siku hiyohiyo, mimi nawaanzisha na magoti: yasipolegea, kiuno hakitikisiki na mgongo ndio unaoumia. Kisha tunapiga makofi ya maqsum, mdundo wa ngoma wa Kiarabu: dum-tek, tek-dum, tek (dum ni mlio mzito, tek ni mlio mkali), mpaka uwaingie. Tunatazama pia filamu za zamani za Misri za mcheza densi Samia Gamal, aliyeanzia kwenye klabu ya Badia Masabni jijini Cairo. Angalieni mikono yake na anavyozunguka jukwaa zima. Wengi huona tumbo tu.

Aliyeuliza kuhusu mavazi: bedla (vazi la densi ya tumbo, sidiria na mkanda wa kiunoni) ya dukani hunipwaya, kwa hiyo naipeleka kwa fundi aibane na kurudia mishono kwa uzi mzito. Pini msiziamini kabisa, hasa mkitikisa mabega.