Kusoma unesi onlaini, shule ikiwa jimbo jingine: nilipe au nisubiri?

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo. Nimepata nafasi kusoma nesi praktishena (nesi wa ngazi ya juu anayetibu na kuandika dawa) wa afya ya akili, onlaini yote, shule iko mbali kabisa na mimi niko huku Kent, jimbo la Washington. Yule wa admisheni kaniambia shule iko kwenye SARA kwahiyo hamna shida, nilipe dipoziti kabla ya Ijumaa. Naombeni ushauri jamani.

---

Marahaba mdogo wangu. Usilipe kwanza, nakuomba.

SARA ni makubaliano ya majimbo, shule iliyoko jimbo moja inaruhusiwa kufundisha watu wanaoishi majimbo mengine bila kuomba kibali kila mahali, majimbo yote yamo isipokuwa California. Kwahiyo hajakudanganya. Ila hicho ni kibali cha shule, leseni yako haimo humo kabisa, leseni ni ya bodi ya manesi ya jimbo na bodi ina masharti yake. Hapa Washington programu ya unesi ya nje lazima ikubaliwe na bodi ndo mwanafunzi afanye masaa ya kliniki, yaani mazoezi na wagonjwa, hapa.

Mimi yalinikuta hapa hapa. Nimemaliza nadharia, nimehangaika miezi minne kutafuta mtu wa kunisimamia kliniki, simu juu ya simu, mpaka mama mmoja wa Tacoma akanionea huruma akakubali. Siku hiyo natoka zamu ya usiku, niko parking bado na skrabu, nafungua simu naona imeili ya shule, programu yetu haina kibali cha kliniki Washington, unaweza kufanyia jimbo jingine. Jimbo gani, na watoto wawili wako shule hapa? Nilikaa kwenye gari mpaka vioo vikajaa ukungu. Shule niliyohamia ilinipokelea masomo mawili tu, na mkopo wa ile ya kwanza nalipa mpaka leo.

Siku hizi afadhali kidogo. Tangu 1 Julai 2024 kanuni za serikali kuu zinasema shule inayopokea hela za FAFSA (msaada na mikopo ya masomo ya serikali kuu) ihakikishe programu inatimiza masharti ya leseni ya jimbo ulilopo siku unaandikishwa, la sivyo wewe usaini kwamba unakusudia kwenda kufanya kazi jimbo ambalo inatimiza. Sasa hiyo karatasi dada, inakuja katikati ya mafomu mengine kumi na mtu anasaini huku anapika. Ukiiona simama hapo hapo uisome. Na kwenye tovuti ya shule lazima kuwe na orodha ya majimbo inayotimiza na isiyotimiza, itafute, halafu piga simu bodi wewe mwenyewe, usimtume mtu wa admisheni. Majibu yao omba kwa maandishi.

---

Naongezea hapo kwa dada. Kanuni inaangalia ulipo siku ya kuandikishwa, ukihama katikati ya masomo ni juu yako kuuliza upya. Na msichanganye na kompakti, ile leseni moja ya majimbo mengi ni ya RN (nesi aliyesajiliwa) na LPN (nesi wa ngazi ya chini yake), nesi praktishena hayumo. Hata RN si kila jimbo limo, mimi nilitoka Texas ambayo imo nikahamia California ambayo haimo, ikabidi niombe leseni upya na nikakaa muda bila kazi wakati kodi ya nyumba haisubiri.

---

Asanteni sana dada na kaka, Mungu awabariki. Nimepiga simu bodi leo asubuhi, wamenielekeza orodha ya programu za nje walizokubali, nimeipitia mara mbili na shule yangu haimo. Dipoziti silipi. Kuna mtu humu amesoma afya ya akili kwenye shule ambayo imo, na kliniki kafanyia huku kwetu King County?